Kalamu ipi kwa kazi ipi: mabao ya kuhariria picha, kutoka studio ya Ngamiani, Tanga

Harusi moja ya Chumbageni ndiyo iliyoniachisha mausi. Bibi harusi alipakwa hina na piko kuanzia vidoleni mpaka viwikoni, maua madogo madogo, kazi ya kukesha. Nami nikakesha kwa upande wangu, nikilainisha ngozi kwa mausi, picha mia tatu na ushei zikinisubiri. Siku ya kukabidhi albamu, somo wake akafungua ukurasa wa pili, akasogeza miwani, akaniambia, "Mwanangu, mikono hii umeiosha kwa sabuni gani?" Nikatazama. Maua ya piko yalikuwa yamegeuka ukungu. Sikuwa na la kujibu ila "Samahani mama, nitairudia," na nikairudia bila malipo.

Kitufe cha mausi kinajua mambo mawili tu: kimebonyezwa, au hakikubonyezwa. Burashi ikishuka inashuka kwa nguvu yote uliyoiwekea, iwe katikati ya shavu au pembeni kabisa mwa ua la piko. Kalamu ya bao la kidijitali inajua na kilicho katikati. Ukigusa kidogo inapaka kidogo, ukikandamiza inakoleza. Kwa mhariri wa picha hicho ndicho anachokinunua. Mengine yaliyoandikwa kwenye boksi ni nyongeza, na baadhi ya nyongeza zipo kwa ajili ya mfuko wako tu.

Nazungumzia lile bao jembamba la plastiki linalounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, unaandika juu yake huku macho yako kwenye kioo cha kompyuta. Nitaliita bao, ingawa wazee wa barazani watadhani nazungumzia kete. Yapo pia mabao yenye kioo chake chenyewe, na zipo tableti kamili kama iPad. Dukani huwekwa rafu moja. Kazi zake si moja, na hapo ndipo watu wanapopotea.

Ukubwa

Ukisogeza mausi, mshale unatoka ulipo na kwenda mbele kidogo. Bao halifanyi hivyo. Kila nukta ya bao ina nukta yake kwenye kioo: kona ya juu kushoto ya bao ni kona ya juu kushoto ya kioo. Ndiyo maana siku tatu za mwanzo utajiona mlevi, na ndiyo maana ukubwa una maana kuliko bei.

Chukua bao dogo la kampuni ya Wacom, lenye eneo la kuandikia la milimita 152 kwa 95. Laptopu ya inchi 15.6 ina kioo cha upana wa milimita 345 hivi. Kwa hiyo kila milimita moja ya mkono wako inakuwa milimita mbili na robo kwenye kioo. Hilo linavumilika. Sasa unganisha bao hilohilo na kioo cha mezani cha inchi 24: milimita moja inakuwa tatu na nusu. Mkono ukitetemeka kidogo tu, burashi imeruka kutoka kope hadi nyusi. Bao la kati, milimita 216 kwa 135, linakurudisha kwenye milimita mbili na nusu kwa kioo hichohicho kikubwa, na kwenye moja na nusu na kitu kwa laptopu.

Kwa hiyo, kwa laptopu pekee, bao dogo linatosha, kwa sababu kuhariri uso unakuza picha mpaka jicho linajaa kioo. Mwenye kioo kikubwa achukue la kati. Makubwa kabisa waachieni wachoraji wanaovuta mistari kwa bega. Mhariri anafanya kazi kwa kiganja na vidole, na meza zetu nyingi zimebanwa na printa, mashine ya kukatia picha za paspoti na birika la chai.

Jambo moja la kufanya siku ya kwanza: kwenye mipangilio ya bao, funga uwiano wake na kioo. Mabao mengi yana umbo lililo refu kidogo kwenda chini kuliko kioo cha laptopu, na usipofunga, duara unalochora linatoka yai. Utalainisha mashavu ya mtu kwa mayai mwaka mzima bila kujua.

Ile namba ya 8192

Muuzaji atakuambia: hili lina viwango 2048 vya mkandamizo, yaani ngazi za nguvu ya mkono ambazo kalamu inazitambua, lile lina 8192, kwa hiyo lile ni bora mara nne. Usikubali haraka. Picha ya JPEG ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, nyekundu, kijani na buluu. Viwango 2048 vya kalamu tayari ni vingi mara nane ya ngazi ambazo picha yenyewe inaweza kuonyesha. Hata ukihariri faili za biti 16, zenye ngazi nyingi zaidi, mkono wa binadamu hauna vituo elfu nane. Nimetumia bao la 2048 na la 8192 wiki moja, kwenye harusi ileile, na nisingeweza kukuambia picha ipi ilitoka wapi.

Kinachotofautiana kweli hakina namba kubwa kwenye boksi: kalamu inaanza kusikia mguso mwepesi kiasi gani. Kalamu nzuri inasikia ukiiweka tu. Kalamu mbovu inakaa kimya mpaka uisukume, kisha inaruka ghafla kwenye rangi nzito. Kwa kung'arisha chini ya macho au kupunguza kivuli cha pua, ambapo unataka pumzi tu ya rangi, mwanzo huo mwepesi ndio kila kitu. Hapa Wacom bado wananishinda ubishi, hasa kalamu ya Intuos Pro. Kampuni za Huion na XP-Pen zimekaribia sana, na mpangilio wa ulaini wa kalamu kwenye draiva zao, yaani programu inayoliwezesha bao kuzungumza na kompyuta, unasaidia.

Kuhusu mwinamo, yaani bao kujua kalamu imeinamishwa upande gani, ni kitu kizuri kwa anayechora kwa penseli ya kidijitali. Kwa picha za harusi sijawahi kukihitaji.

Mabao yasiyo na kioo

One by Wacom ndilo la unyenyekevu kuliko yote. Dogo ni lile la 152 kwa 95, la kati ni 216 kwa 135, viwango 2048, hakuna kitufe hata kimoja kwenye bao, vitufe viwili kwenye kalamu. Huwezi kuliharibu kwa kulipangia vibaya kwa sababu hakuna cha kupanga. Ukiwa umezoea mkono wa kushoto kwenye kibodi, Ctrl na Z, mabano ya kukuza na kupunguza burashi, hutakosa vitufe. Mimi ndivyo nilivyo. Bao langu la kwanza lilikuwa hili, na lingali linafanya kazi.

Intuos ya kawaida inapanda ngazi moja: viwango 4096, vitufe vinne juu, na ncha tatu za akiba zimefichwa ndani ya kalamu yenyewe. Yapo matoleo yenye Bluetooth, yanayofaa kama meza yako ina nyaya nyingi kama yangu. Tofauti na One ni ya starehe. Picha ya mwisho itakuwa ileile.

Kisha kuna Huion H610 Pro V2 na XP-Pen Deco 01 V2, na hapa lazima niyaweke pamoja kwa sababu ukiyafumba majina hutayatofautisha. Yote mawili yana eneo la inchi 10 kwa 6.25, viwango 8192, mwinamo hadi nyuzi 60, vitufe vinane pembeni, kalamu isiyotumia betri. Kwa eneo hilo, kwenye kioo cha inchi 24, milimita ya mkono ni mbili na kidogo tu kwenye kioo, raha kweli. Na bei yake kwa kawaida iko karibu na ile ya Wacom ndogo. Kwa namba za kwenye boksi, hakuna mashindano: unapata bao kubwa zaidi kwa pesa ileile.

Mbona basi simwambii kila mtu achukue hilo? Kwa sababu ya draiva, nitaifikia.

Intuos Pro ya kati, ile ya 2017, ina eneo la milimita 224 kwa 148, vitufe vinane, pete ya kugusa kwa kidole ya kukuzia picha, na kalamu ninayoisifia. Toleo la 2025 limeiacha pete na kuweka vitufe vya kuzungusha. Ni kifaa kizuri mno, na bei yake ni zaidi ya mara tatu ya hayo niliyotangulia kutaja. Anayehariri kila siku, saa sita au nane, kwa wateja wanaolipa, atairudisha pesa hiyo kwa kutochoka mkono. Mwenye harusi mbili kwa mwezi na picha za paspoti katikati, hapana. Pesa hiyo ni lenzi, au ni flashi mbili na stendi zake.

Draiva

Draiva za Wacom si malaika, ila mara nyingi ukiisakinisha imekaa. Na kwa anayetumia Linux na programu za kuhariria kama GIMP au darktable, bao la Wacom kwa kawaida linatambuliwa hapohapo bila kupakua kitu.

Kwa Huion na XP-Pen kwenye Windows na Photoshop, jiandae kwa ugonjwa mmoja maarufu. Unagusa, kinatokea kiduara, burashi inachelewa nusu sekunde kabla ya kuanza. Au mkandamizo haupo kabisa, mstari ni mnene mwanzo hadi mwisho. Watu hurudisha bao dukani kwa sababu hiyo. Bao ni zima. Ni Windows Ink, mfumo wa kalamu wa Windows yenyewe, na draiva ya bao vinavyogombania kalamu. Dawa yake: zima Windows Ink ndani ya draiva ya bao, kisha tengeneza faili la maandishi liitwalo PSUserConfig.txt, ndani yake andika mstari mmoja, UseSystemStylus 0, ulihifadhi kwenye folda ya mipangilio ya Photoshop, ile iliyo ndani ya AppData ya jina lako. Funga Photoshop, fungua tena. Wacom nao wakati mwingine wanaugua ugonjwa huu, dawa ni hiyohiyo.

Na usiweke draiva za kampuni mbili kwenye kompyuta moja. Ukihama, futa ya zamani kwanza, washa kompyuta upya, ndipo uweke mpya. Jirani yangu wa barabara ya nane alikaa wiki nzima akilaumu bao jipya, kumbe la zamani lilikuwa bado limekalia kiti.

Kama unaogopa mambo ya folda na mistari, na huna kijana wa karibu wa kukusaidia, chukua Wacom dogo na ulale. Kama huogopi, H610 Pro V2 au Deco 01 V2 itakupa zaidi kwa pesa yako. Huo ndio uamuzi wenyewe, na hauhitaji video kumi za kuangalia.

Yenye kioo chake

Mpwa wangu, anayenisaidia studio wakati wa likizo, alinijia juzi na simu mkononi. "Shikamoo mjomba. Hili hapa, unachora juu ya picha yenyewe. Si ndilo bora?" Nikamwitikia marahaba, na nikamwambia, kwako ndiyo, kwangu hapana.

Yeye anachora katuni. Anayechora anataka ncha na mstari vikutane mahali pamoja, na kwa hilo Wacom One ya inchi 13.3 (yenye kioo, si ile One by Wacom), au Huion Kamvas 13, ni raha ambayo bao lisilo na kioo haliwezi kutoa. Ila kwa picha, mambo manne yananizuia.

La kwanza ni rangi. Unakuwa na vioo viwili mezani, na kila kimoja kinasema lake. Kamvas 13 inajitangaza kwa asilimia 120 ya sRGB, ule wigo wa rangi wa kawaida wa picha za kompyuta na simu, watu wanadhani zaidi ni bora. Maana yake ni kwamba rangi zake zinaweza kung'aa kuliko zitakavyoonekana kwenye simu ya mteja au kwenye karatasi. Usipoipima kwa kifaa cha kupimia rangi, utaona ngozi imeiva kupita kiasi, utapunguza wekundu, na bibi harusi atatoka labu ya kuchapia picha ana rangi ya majivu. Ngozi zetu nyeusi hazivumilii kosa hilo. Wekundu ule wa chini ndio uhai wa uso. (Wateja wanaotaka nipunguze weusi wenyewe ni habari nyingine. Huwa nawawekea picha mbili kando kando, na mara nyingi huchagua ile niliyoiacha.)

La pili ni mkono wako. Kwenye bao la kawaida mkono uko chini, picha iko juu, unaiona yote. Kwenye bao la kioo, kiganja kinafunika kidevu wakati unarekebisha paji.

La tatu ni shingo. Saa nne za kuinamia kioo kilicholala mezani, kesho yake unageuka mwili mzima kama roboti ukiitwa. Ukinunua, nunua na stendi.

La nne ni umeme. Bao la kawaida linakula umeme kiduchu kutoka USB. Umeme ukikatika Ngamiani, laptopu inaendelea kwa betri na bao nalo linaendelea, namalizia picha iliyo mezani, nahifadhi. Mabao mengi yenye kioo yanataka adapta yake na waya wa HDMI juu yake; Kamvas 13 ina ule waya wa matawi matatu, picha, USB na umeme. Tawi moja likilegea, kazi imesimama. Na hewa yetu ya bahari inapenda sana kulegeza matundu ya nyaya.

iPad, na ile ya Samsung

Kwa anayezunguka, leo Pangani, kesho Lushoto, tableti kamili ina hoja moja nzito: haihitaji kompyuta. Lightroom, programu ya kuchuja na kurekebisha picha, ipo kwenye iPad na kwenye Android. Unachuja picha ndani ya basi, unarekebisha mwanga, unamtumia mteja tano za haraka kabla hamjafika Muheza. Mwenye Mac anaweza pia kuigeuza iPad kuwa bao lake kwa Sidecar, kipengele cha Apple cha kuunganisha viwili hivyo.

Mtego uko kwenye kalamu. Apple wana kalamu kadhaa zenye jina moja, na si kila kalamu inaingia kwenye kila iPad. Mbaya zaidi ni ile ya USB-C iliyotoka 2023, ya bei nafuu: haina mkandamizo kabisa. Kwa kuandika somo darasani inafaa. Kwa kuhariri ngozi umenunua mausi ya umbo la penseli. Uliza kwa jina: ya kwanza, ya pili, au Pro, na ipi inalingana na iPad yako.

Galaxy Tab S6 Lite ya Samsung kwa upande wake inakuja na kalamu yake, S Pen, ndani ya boksi; kalamu hiyo haina betri ya kuchaji, na ina viwango 4096 vya mkandamizo. Kwa mwanafunzi anayeanza upigaji picha na hana kompyuta, ningeanzia hapo kabla ya iPad.

Lakini albamu nzima ya harusi kwenye tableti, mimi siwezi. Faili zinajaza nafasi haraka, na kila kitu kiko ndani ya vidole viwili.

Ukinunua, na hasa ukinunua la mkononi, yaani lililokwisha kutumika

Tanga mjini ukipata duka lenye mabao, mara nyingi lina aina moja au mbili. Wengi wetu tunaagiza Kariakoo, linapakiwa kwenye basi, jioni unalifuata stendi. Likiwa bovu, safari ya kulirudisha ni kilomita 350 na maelezo mengi. Kwa hiyo mwambie mtu wako wa Dar alijaribu kwanza kabla hajalilipia.

Jaribio ni dogo. Aweke rula juu ya bao, avute mstari wa mshazari polepole sana. Mstari ukitoka na mawimbi, liache. Kisha avute mstari mwingine bila rula, akianza kwa mguso mwepesi na kumaliza kwa nguvu: unene ukue taratibu, usiruke ngazi. Alifanye juu ya meza ya mbao. Bao hili linafanya kazi kwa kutoa mawimbi ya sumaku-umeme ambayo koili ndani ya kalamu huyaitikia. Ndiyo sababu kalamu haina betri, na ndiyo sababu meza ya chuma au simu iliyolazwa kando inaweza kuifanya ncha itetemeke bila kosa la bao.

La mkononi, uliza kalamu kwanza. Kalamu za kampuni haziingiliani. Hata ndani ya Wacom, kalamu ya Intuos Pro haisikilizwi na Intuos ya kawaida. Bao lisilo na kalamu yake ni ubao wa kukatia vitunguu. Na ukikuta Huion H610 Pro bila ile V2 nyuma ya jina, hiyo ni ya zamani, kalamu yake ni ya kuchaji. Betri ya kalamu ikichoka, umeshika mti.

Ncha zinaisha. Juu ya bao kuna mkwaruzo kidogo wa kuigiza karatasi, na mkwaruzo huo unakula ncha kama msasa. Ikichongoka upande mmoja kama patasi, ibadilishe kabla haijaanza kuchora mifereji. Mimi hubandika karatasi laini ya plastiki juu. Kwa joto la hapa, kiganja kinanata, kwa hiyo navaa ile glavu ya vidole viwili inayokuja kwenye baadhi ya maboksi. Ikichakaa, soksi safi iliyokatwa inafanya kazi ileile, na usicheke mpaka ujaribu mwezi wa Februari.

Mpwa wangu ni mashoto. Alidhani itambidi atafute bao la mashoto, nikamwonyesha: draiva ina sehemu ya kugeuza bao nyuzi 180, vitufe vinahamia kulia, waya unatokea upande wa pili. Kwa sasa anatumia ile One yangu ya zamani, akiweka akiba ya lenye kioo. Jana alinirekebishia mikono ya bibi harusi mwingine, na nilihesabu petali za piko mwenyewe. Zote zilikuwepo.